Kocha Apigwe Kalamu, Halafu?

Ndugu msomaji, ukitaka kujua Kenya ina makocha wangapi wa kandanda, usijisumbue kuwaandikia barua wakuu wa shirikisho. Nenda kwa kinyozi, ama upande matatu, ama uketi bwaloni jioni ugali ukiwa bado moto. Utawapata makocha sufufu. Kila mmoja ana kikosi chake kichwani. Kila mmoja anajua nani alipaswa kuingia na nani alipaswa kutoka. Wote wanasema kwa wakati mmoja na hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Wahenga walisema kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Nadhani walipita kwa kinyozi wetu kabla ya kuitunga methali hiyo.

Mwezi wa Novemba 2025 makocha hao waliongezeka maradufu. Tarehe 18 timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilicheza mechi ya kirafiki na Senegal huko Antalya, Uturuki. Tulifungwa mabao manane kwa bila. Manane, msomaji! Hayo si mabao ya mechi ya kimataifa, hayo ni mabao ya mchezo wa mapumziko kati ya Kidato cha Nne na watoto wa msingi.

Kilichouma zaidi ni kwamba miezi mitatu tu kabla ya hapo tulikuwa tumeanza kuinua vichwa. Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaosakata gozi katika ligi za nchi zao, yaliandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Kenya ilitiwa katika kundi lililoogopwa na kila mtu. Tukaishinda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0. Tukatoka sare ya 1-1 na Angola. Tukaishinda Moroko 1-0 tukiwa tumebaki wachezaji kumi uwanjani, na Moroko hiyo hiyo ndiyo iliyolitwaa kombe mwishowe. Tukaifunga Zambia 1-0 na kuongoza kundi kwa pointi kumi. Kasarani ilifurika pomoni. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tuliwatunza vijana wetu kwa nyimbo na vuvuzela hadi sauti zikatukauka. Hata tulipotolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, watu walitoka uwanjani wakilia lakini hawakutukana.

Basi pima mwenyewe umbali wa kutoka Kasarani hadi Antalya.

Kesho yake nilikuwa kwa kinyozi pamoja na baba na kaka yangu mkubwa. Kinyozi alikuwa ameacha mashine yake juu ya kichwa cha mzee mmoja, nusu amenyolewa, nusu bado, ili apate mikono miwili ya kuhutubia.

“Huyu Benni McCarthy aende kwao Afrika Kusini leo jioni!” akasema. “Alikuwa mshambulizi hatari, sikatai. Alishinda Kombe la Klabu Bingwa Ulaya na Porto mwaka wa 2004. Lakini kucheza ni kucheza, na kufundisha ni kufundisha. Apigwe kalamu!”

“Wacha wee,” kijana mmoja wa bodaboda akamjibu kutoka mlangoni. “Kocha afanye nini na hao mabeki? Hao ndio wafukuzwe wote. Tuanze na watoto wadogo kabisa.”

“Si kocha, si mabeki,” mzee wa nusu kichwa akadakia. “Ni wakubwa wa mpira. Mwaka wa 2024 timu ilikuwa ikicheza mechi za nyumbani ugenini! Mara Malawi, mara Kampala, kwa sababu hatukuwa na uwanja hata mmoja uliokubaliwa. Mwenye nyumba anakula kwa jirani, halafu mnashangaa kwa nini anakonda?”

Hayo ndiyo makundi matatu, msomaji, na nimeyakuta kila mahali tangu siku ile. Kuna wa kocha, wa wachezaji na wa wakubwa.

Baba alikuwa wa kundi la kwanza, tena alikuwa mkali kuliko kinyozi. Baba ana haki ya kukasirika. Mwaka wa 1987, akiwa mtoto wa shule ya msingi, babu alimpeleka Kasarani kwenye Michezo ya Afrika. Kenya chini ya kocha Mjerumani Reinhard Fabisch ilifika fainali ikafungwa na Misri bao moja tu. Baba hulieleza bao hilo kana kwamba liliingia nyumbani kwetu kupitia dirishani. Tangu siku hiyo amekuwa akingoja. Timu ilifuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka wa 1988, 1990 na 1992. Halafu ukaja ukame hadi 2004, tuliposhinda mechi yetu ya kwanza kabisa katika kombe hilo kwa kuicharaza Burkina Faso 3-0. Kisha ukame mwingine hadi 2019, tulipowashinda jirani zetu Watanzania 3-2 na kufungwa na Aljeria na Senegal. Baada ya hapo, kimya. Kombe la Dunia la wanaume hatujawahi kulikanyaga.

“Mimi nimevumilia tangu nikiwa na kaptura,” baba akasema. “Mpira wa nchi hii haulipi uvumilivu. Kocha akishindwa, atoke. Mchezaji akishindwa, atoke. Mtu asipoteze ujana wake hapo.”

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa ya McCarthy. Mimi nilijua, na kaka alijua. Kaka ana umri wa miaka 21 na ni beki wa kushoto wa timu moja ya ligi ya chini. Hapati mshahara, anapata nauli, tena si kila wiki. Baba alikuwa amemwambia mwezi huo huo kwamba aachane na mpira ajiunge na mjomba katika duka lake la vifaa vya ujenzi. Kwa hivyo wakati kijana wa bodaboda aliposema mabeki wote wafukuzwe, wengine walicheka, lakini kaka hakucheka.

Akasema kwa upole, “Baba, kwa heshima yako, niruhusu niseme kidogo. Mimi ni beki. Kwa miaka mitatu nimefundishwa na makocha watano. Wa kwanza aliniambia nimkabe mtu wangu popote aendapo, hata akienda chooni. Wa pili akasema la, nilinde eneo langu na nimwache mtu apite kwa mwenzangu. Wa tatu akanitoa kushoto akanitia katikati. Wa nne hakumaliza mwezi. Wa tano alipofika aliniuliza, ‘Wewe kijana unacheza wapi?’ Nikakosa jibu. Sasa siku tukifungwa manane, mtasema ni beki mbaya. Ni sawa. Lakini ni beki wa nani?”

Kinyozi akawasha mashine akaendelea kunyoa. Kwa muda hatukusikia kitu kingine.

Swali hilo la kaka nililibeba hadi shuleni. Muhula wa kwanza ulipofunguliwa mwezi wa Januari 2026, chama chetu cha Kiswahili kilichagua hoja ya mjadala wa kwanza wa mwaka: “Kocha wa Harambee Stars afutwe kazi sasa hivi.” Nikawekwa upande wa upinzani. Kwa majuma mawili nilipekua magazeti ya zamani maktabani kama panya aliyekosa unga.

Nilichokipata ni orodha. Tangu mwaka wa 2006 timu hiyo moja imepita mikononi mwa Bernard Lama na Henri Michel wa Ufaransa, Antoine Hey wa Ujerumani, Adel Amrouche mwenye asili ya Aljeria, Bobby Williamson wa Uskoti, Stanley Okumbi wetu, Paul Put wa Ubelgiji, Sébastien Migné wa Ufaransa na Engin Firat wa Uturuki, na hapo sijawahesabu Jacob Mulee na Francis Kimanzi ambao waliitwa, wakaondoka, wakaitwa tena. McCarthy aliteuliwa mwezi wa Machi 2025. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chetu kimekuwa na manahodha wa kila lugha.

Tena kumfukuza kocha si bure. Amrouche alifutwa mwezi wa Agosti 2014 baada ya Lesotho kututoa katika mechi za kufuzu. Alikwenda kushtaki, na mwishowe shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Fikiria ni mipira mingapi hiyo, ni nyavu ngapi, ni nauli ngapi za mabeki wa ligi za chini. Pesa hizo zililipia hasira ya siku moja.

Siku ya mjadala nilisimama nikayasema hayo yote, nikapigiwa makofi, nikakaa nikiwa nimejaa kama pishi. Ndipo kinara wa upande wa pendekezo akasimama. Huyu ni kijana mtulivu wa Kidato cha Nne, hapigi kelele, lakini akikuuma hupulizi.

“Mwenzangu anahubiri subira,” akasema. “Vizuri. Engin Firat alipewa subira. Alikuja mwaka wa 2021, akakaa hadi Desemba 2024. Kwa kweli mwaka wa 2022 nchi ilifungiwa na FIFA karibu mwaka mzima, hilo halikuwa kosa lake. Lakini baada ya hapo? Katika kundi la kufuzu kwa kombe la 2025 tulicheza mechi sita na Kamerun, Namibia na Zimbabwe tukapata pointi sita. Tulishinda mechi moja. Subira ilivuta heri gani? Mtu akikaa kwenye kituo ambacho basi halipiti, hata akingoja miaka kumi hatafika mjini.”

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko na makofi. Nami nakiri huyu mwenzetu alisema kweli. Subira peke yake si mpango. Makocha wengi ni ugonjwa, na kocha mmoja asiyejua aendako ni ugonjwa pia.

Kisha akasimama msichana wa Kidato cha Tatu, ambaye huwa hasemi sana katika mijadala. “Nyinyi nyote mnasema Kenya haijawahi kwenda Kombe la Dunia,” akaanza. “Imeenda. Mwezi wa Oktoba 2024 wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika na wakaishinda Meksiko 2-1. Kocha wao alikuwa Mildred Cheche, Mkenya. Na Harambee Starlets wakafuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake mwezi wa Oktoba 2025 wakiwa na Beldine Odemba, Mkenya pia. Sijasikia mtu hata mmoja hapa akiuliza wao walifanya nini ambacho wavulana hawajafanya.”

Hakuna aliyemjibu. Wavulana kadhaa waliinama wakafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Kabla ya kura, mlezi wa chama, mwalimu wetu wa Kiswahili, alituomba jambo moja. Alitoa karatasi akasema, “Kila mmoja aniandikie majina kumi na moja ya wachezaji ambao angependa waichezee Kenya mwaka wa 2027. Nawapa dakika tano.”

Ngoja nikukumbushe kwa nini alitaja mwaka huo. Mwezi wa Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mwenyeji hahitaji kufuzu. Tutaingia mlangoni bila tikiti, kwa hivyo hatutakuwa na pa kujificha.

Dakika tano ziliisha. Mwalimu akakusanya karatasi akazisoma moja moja. Kulikuwa na watu zaidi ya sabini ukumbini. Walioandika majina kumi na moja hawakufika kumi. Wengi waliishia majina manne ama matano: Michael Olunga, Ryan Ogam, Austin Odhiambo, halafu kalamu ikakwama. Kuna aliyeandika “yule kipa wa CHAN” bila jina. Na watu hao hao, msomaji, ukiwaamsha saa nane za usiku watakutajia kikosi cha Arsenal pamoja na wa akiba, na nambari za jezi.

Mwalimu hakutugombeza. Alisema tu, “Mmekuja kumfuta kocha kwa sababu ya timu ambayo hamuijui.” Akaketi.

Tulipiga kura. Upande wa kumfuta kocha ulishinda kwa kura sita. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nilimpa mkono yule kijana wa Kidato cha Nne. Lakini sijaacha kulifikiria jambo hili, na kwa kuwa mhariri amenipa kurasa mbili, acha niseme ninavyoona mimi.

Kwanza, Olunga. Kuna wanaosema wazee watoke wote. Olunga alizaliwa mwaka wa 1994, kwa hiyo mwaka wa 2027 atakuwa na miaka 33. Mwaka wa 2020 alifunga mabao 28 katika ligi ya Japani na akatajwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Mtu kama huyo humtupi. Unamweka karibu na kijana kama Ogam, aliyetoka Tusker akaenda Austria baada ya CHAN, ili amwonyeshe namna ya kusimama mbele ya goli watu elfu arobaini wakipiga kelele. Nyuma hali kadhalika. Joseph Okumu, aliyeyaona mengi Ubelgiji na Ufaransa, asimame na kijana kama Alphonce Omija, aliyetufungia dhidi ya Madagaska. Kikosi cha kesho hakijengwi kwa kubomoa cha leo usiku mmoja.

Pili, vijana. Mwaka wa 2025 timu yetu ya chini ya miaka 20 ilicheza Kombe la Afrika la umri huo kwa mara ya kwanza, huko Misri. Walifungwa na Moroko 3-2, wakafungwa na Tunisia 3-1, wakatoka sare ya 2-2 na Nigeria. Hawakushinda, lakini hawakufungwa manane. Hao ndio wa kuulizwa habari zao kila mwezi: Wako wapi? Wanacheza? Nani anawafundisha? Samaki mkunje angali mbichi, na samaki wetu wengi hukaukia mikononi mwa watu ambao hawakujua hata kama ni samaki.

Tatu, kocha. Mimi sisemi asiguswe. Nasema tumpe kipimo kabla ya kumpima. Siku anapoajiriwa, aambiwe mbele ya wananchi: baada ya mechi kadhaa tunataka kuona hiki na hiki. Akifika, abaki hata kama amefungwa na Senegal. Asipofika, aende kwa heshima na alipwe chake. Kumwajiri kwa shangwe na kumfuta kwa hasira ni kazi ya mashabiki. Wenye kazi hawafanyi hivyo. Mchagua jembe si mkulima, nasi tumechagua majembe ishirini na shamba bado ni kichaka.

Kuhusu kaka, najua utaniuliza. Aliporudi kutoka kwa kinyozi siku ile baba hakusema naye mpaka usiku. Wakati wa chakula akamwuliza, bila kumtazama, “Huyo kocha wenu wa tano bado yupo?” Kaka akajibu kwamba yupo. Baba akanyamaza akatafuna. Kisha akasema, “Mwambie akuache kushoto.” Hakumwambia aendelee, wala hakumwambia aache. Amempa hadi Desemba 2026, na duka la mjomba bado lina nafasi.

Sijui kama kaka atawahi kuvaa jezi ya taifa. Beki wa kushoto wako wengi, na yeye mwenyewe husema mguu wake wa kulia ni wa kupanda ngazi tu. Lakini kila Jumamosi asubuhi wapo vijana kama yeye katika kila kaunti, wakicheza kwenye viwanja vyenye mawe, na hakuna anayeyajua majina yao. Muhula ujao tumekubaliana chamani kwamba kila mwanachama atafuata mechi za timu moja ya karibu na kwao wakati wa likizo, aandike majina ya wachezaji na jinsi walivyocheza, alete ripoti kwa Kiswahili sanifu. Mimi tayari nimeshapata timu yangu. Kama nawe unataka kujiunga, tunakutana Ijumaa saa kumi, chumba kilicho karibu na maktaba. Njoo na kalamu.